Familia ya Saa Tatu Hadi Saa Kumi

Hapo zamani za juzi palikuwa na nchi, na kwa bahati nzuri bado ipo, iliyoongozwa kwa hekima nyingi kiasi kwamba raia wake hawakuwa na haja ya kutumia ya kwao. Jina lake silitaji. Si kwamba naogopa. Nchi yenyewe ina haya na haipendi kusemwasemwa.

Mwaka huo Serikali iligundua kwamba nchini kulikuwa na vyumba vingi visivyo na watu. Tume iliundwa, ikaizunguka nchi nzima ikilala hotelini, ikarudi na taarifa nene iliyosema kwamba chumba kisicho na mtu ni chumba kivivu, na uvivu ni adui wa maendeleo. Ndipo ikapitishwa Sheria ya Vyumba Vivivu. Raia yeyote mwenye vyumba vingi kuliko watu angeiuza nyumba yake kwa familia kubwa, naye angehamishiwa kwenye Makao ya Raia Mmoja Mmoja, ambako kila mtu alikatiwa chumba kwa kipimo chake, kama suruali.

Sheria hiyo haikumtaja Mzee Ngwali kwa jina, lakini alipoisoma gazetini alihisi inamtazama yeye. Alikuwa na vyumba vitano na mtu mmoja, na mtu mwenyewe ndiye yeye. Mkewe, Bi Mashavu, alikuwa amefariki miaka minne nyuma. Wanawe wawili walikuwa ng'ambo; walipiga simu kila sikukuu, na siku za kawaida kila mmoja aliamini kwamba mwenzake ndiye anayepiga. Yeye mwenyewe alikuwa amestaafu kazi ya kupiga mihuri katika ofisi kuu ya Serikali, aliyoifanya miaka thelathini na saba, hata bega lake la kulia likashuka chini ya la kushoto. Siku hizi aliamka, akafagia ua, akapika chakula cha mtu mmoja kwenye sufuria ya watu wanane, akala, akaosha sahani moja. Kuna siku sauti yake aliisikia mara moja tu, akimfukuza kunguru.

Alikuwa mpweke, na hilo halihitaji kupambwa.

*

Haikupita wiki, hodi ikabishwa mlangoni.

"Karibu, karibu ndani," alisema Mzee Ngwali, na furaha ikampanda kabla hajajua aliyebisha ni nani.

Aliyebisha alikuwa Bwana Lukosi, Mratibu Msaidizi wa Mwonekano wa Nyumba Zinazotarajiwa Kuuzwa. Cheo chake kilikuwa kirefu kuliko yeye. Alitoa shikamoo, akakataa kiti, akapita chumba kwa chumba akinusa.

"Kaa nikuletee chai, mwanangu."

"Chai baadaye, mzee wangu. Nyumba hii ina harufu."

"Harufu ya nini?"

"Ya mtu mmoja." Bwana Lukosi aliandika kitu kwenye karatasi. "Mnunuzi akiingia akainusa, anageuza. Hakuna anayenunua upweke. Hauna soko."

Kisha akaeleza utaratibu. Mzee hatafukuzwa, maana Serikali haifukuzi watu. Nyumba itaandaliwa, wanunuzi watakuja kuitazama, na muda wote wanapokuja kutazama yeye ataendelea kukaa. Siku ikinunuliwa, lori litakuja kumchukua, na petroli itakuwa juu ya Wizara iliyomtuma Bwana Lukosi.

Maandalizi yalianza kesho yake. Kuta zilipakwa rangi ya Wizara iliyoitwa Matumaini ya Asubuhi, ambayo ilikuwa nyeupe iliyoshindwa kuwa njano. Mpapai wa uani ulionekana umeinama kwa huzuni, ukafungwa kamba ili usimame kizalendo. Matakia yalipigwa mpaka yakaumuka. Halafu Bwana Lukosi akasimama mbele ya picha ya Bi Mashavu, iliyokuwa imetundikwa sebuleni juu ya kiti alichokuwa akikikalia enzi za uhai wake.

"Huyu nani?"

"Mke wangu."

"Yuko wapi?"

"Alifariki."

"Basi ashuke. Kanuni ya saba: nyumba inayotazamwa isiwe na marehemu. Mnunuzi akimwona ataanza kujiuliza alifia kitanda kipi."

Mzee alimshusha. Alimviringisha kwenye kanga yake mwenyewe, akamlaza stoo juu ya gunia la mkaa, akasimama pale kidogo akimwomba radhi. Aliporudi sebuleni, mahali pake palikuwa pametundikwa Waziri, akitabasamu, kashika futi kamba.

"Vizuri," alisema Bwana Lukosi. "Sasa imebaki familia."

"Familia yangu iko ng'ambo."

"Tunajua. Ndiyo maana Wizara inakupa."

*

Familia ilifika Jumatatu saa tatu kamili asubuhi, kwa lori la Wizara, ikasaini daftari mlangoni.

Wa kwanza kushuka alikuwa Bi Sikitu, Afisa Binti Daraja la Pili, mwanamke wa makamo mwenye macho ya mtu aliyeshawahi kuwa binti katika nyumba nyingi. Nyuma yake akashuka mjukuu. Nchi yetu inaheshimu haki za watoto na haiwaajiri, hivyo mjukuu alikuwa Bwana Tunutu, mtu mfupi wa miaka arobaini na mitatu, mwenye masharubu na miwani, kaptula ya buluu na mpira kwapani. Alikuwa kwenye daraja la mjukuu kwa mwaka wa kumi na moja, akisubiri kupandishwa kuwa Kaka Mkubwa. Mwishowe kulikuwa na jirani, mama mmoja mnene aliyepangiwa kuja saa nne na saa tisa na kikombe kitupu, kuomba chumvi. Wataalamu walikuwa wamethibitisha kwamba nyumba inayoombwa chumvi hupanda thamani.

Bi Sikitu alifungua karatasi yake. "Shikamoo, baba."

Neno baba halikuwa limeingia nyumbani kwa Mzee Ngwali kwa miaka minne, isipokuwa kwenye simu, na simu nayo hukatika.

"Marahaba, mwanangu."

"Hapo unatakiwa ucheke," alisema Bi Sikitu, akimwonyesha mstari kwa kidole. "Imeandikwa: baba anacheka kwa kiasi."

Alicheka kwa kiasi.

"Babu, nisimulie hadithi," alisema Bwana Tunutu kwa sauti nzito ya kengele ya shule. Kisha akainama. "Samahani, mzee. Ni lazima niseme hivyo kila baada ya dakika arobaini."

"Usijali, mjukuu wangu. Hadithi ninazo."

Ndipo Mzee akapata wazo, akamgeukia Bwana Lukosi. Kama vyumba vyake vilikuwa vivivu kwa kukosa watu, na sasa watu hawa hapa, si shauri limekwisha? Kuna haja gani ya kuuza?

Bwana Lukosi alimhurumia. "Hao hawahesabiwi watu, mzee wangu. Kwenye daftari la Wizara wako upande wa vifaa, baada ya mapazia."

"Na kabla ya ndoo," aliongeza Bi Sikitu, kwa fahari kidogo.

*

Sasa nieleze kosa alilolifanya Mzee Ngwali, ambalo katika nchi nyingine huenda lisingekuwa kosa wala lisingewezekana.

Kanuni zilisema mnunuzi asipewe kitu chochote isipokuwa vipimo vya vyumba. Lakini wanunuzi wa kwanza, mume na mke, walibisha hodi saa saba mchana, na sufuria ilikuwa ndiyo kwanza inaepuliwa. Mzee alikuwa amelelewa na watu. Hakuweza kumwacha mtu aliyesema hodi azungukezunguke akitazama dari huku ana njaa. Aliwakaribisha mkekani, akawapakulia wali wa nazi na mchuzi wa kuku, akawaambia wale wasione haya. Wakala, wakaongezwa, wakala tena.

Na katika nchi hiyo, mtu akishakula kwenye nyumba hana tena mdomo wa kuitoa kasoro. Utasemaje ukuta una ufa na wali wa mwenye ukuta uko tumboni mwako? Kuomba bei ipunguzwe ndiyo usiseme. Mzee uliyemwita baba na mfupa mkononi, humgeukii ukaanza kuvutana naye. Wale mume na mke walinawa, wakasifu, wakasema, "Basi mzee, tutazungumza," wakaondoka bila kutazama hata bafu. Mzee aliwasindikiza mpaka kona, kama inavyopasa.

Bwana Lukosi alipopata habari alikuja mbio. "Umewalisha?"

"Walikuwa wageni."

"Walikuwa wanunuzi."

"Walibisha hodi, Bwana Lukosi. Mnunuzi hubishaje?"

Bwana Lukosi alipekua kanuni zote kuanzia ya kwanza hadi ya mia na nne. Hapakuwa na iliyoeleza mnunuzi hubishaje.

Mara ya kwanza lilikuwa kosa. Mara ya pili Mzee Ngwali alikuwa ameshapiga hesabu yake kichwani: mgeni akila hanunui, asiponunua nyumba inaendelea kutazamwa, na ikitazamwa familia inakuja. Kuanzia hapo alipika kwa nia. Ile sufuria ya watu wanane ikajaa mpaka kifuniko kikakataa kukaa. Wanunuzi wakaja kutwa mara mbili, mara tatu, wakala, wakashukuru, wakaahidi kuzungumza. Taarifa ya robo mwaka ya Wizara iliandika kwamba nyumba namba mia mbili na kumi na sita ina mvuto usioelezeka, na kwamba watazamaji wake wananenepa.

Mambo mengine yakaanza kwenda nje ya karatasi. Bi Sikitu akawa anakuna nazi, kazi isiyokuwemo katika majukumu ya Afisa Binti. Jirani akawa anafika saa mbili unusu na kuondoka wa mwisho, na siku moja aliposikia chumvi imekwisha jikoni akaenda kuinunua mwenyewe. Bwana Tunutu aliacha kutazama saa. Mzee alikuwa akimsimulia kisa cha mfalme aliyetaka kuoa kivuli chake, na ikawa dakika arobaini hazijatimia, mjukuu keshavuta kigoda.

"Enhe, babu. Kivuli kikasemaje?"

Lakini saa kumi kamili lori lilipiga honi. Familia ilisaini daftari ikapanda, hata kama neno lilikuwa katikati ya mdomo. Wahenga walisema mchovya asali hachovyi mara moja. Hawakusema anafanya nini mzinga ukifungwa kila siku saa kumi. Mzee aliosha sahani nane polepole ili zisiishe. Zamani nyumba ilikuwa kimya tu. Sasa ilikuwa kimya na yeye anajua kinachokosekana, na hilo lilimuuma zaidi.

Siku moja, Bi Sikitu yuko kwenye mbuzi ya nazi, Mzee akamuuliza, "Baba yako mwenyewe yuko wapi, mwanangu?"

"Yuko mkoani kwetu."

"Anakaa na nani?"

Bi Sikitu alikuna kifuu kile mpaka kikakaribia kutoboka. "Peke yake. Ningekwenda, lakini likizo zangu wananipangia zamu. Nyumba za watu zinanihitaji."

Mzee alichukua chujio wakaendelea.

*

Mnunuzi mmoja alikuwa na tabia ya kuomba ukoko, ule wali uliogandia chini ya sufuria. Mara ya kwanza alikuja kama Bwana Mbaruti, baba wa watoto sita. Mara ya pili alikuwa daktari mwenye watoto tisa. Mara ya tatu alipoingia na kofia ya kimjini, akajiita mhandisi, Mzee Ngwali alimletea ukoko kabla hajauomba.

"Safari hii una watoto wangapi?"

Mhandisi alitafuna, akameza, akasalimu amri. Alikuwa Mnunuzi Daraja la Tatu wa Idara ya Mahitaji. Wenye watoto wengi, alieleza, hawana uwezo wa kununua nyumba, na wenye uwezo wanazo zao, zimeandikwa majina ya wapwa zao. Lakini kila idara ina malengo yake. "Idara ya Mwonekano inaonyesha, sisi tunatazama. Nchi nzima iko hivyo, mzee."

"Na anayenunua ni nani?"

"Hiyo ni idara nyingine. Haijaundwa."

Mzee Ngwali alikuwa raia mwema, lakini hakuwahi kuiombea Serikali yake kwa moyo kama siku ile. Aliomba isifanye jambo lolote. Idara isiundwe, wanunuzi wasipatikane, na yeye aendelee kuuza nyumba mpaka azikwe, akiwa na binti jikoni na mjukuu kigodani.

Lakini ilikuwa Serikali yenye bidii, na bidii yake haizuiliki kwa dua. Alhamisi moja Waziri alihutubia redioni, familia yote ikaacha kula ikasikiliza.

"Ndugu wananchi," alisema Waziri, "nyumba zote zenye vyumba vivivu zimetazamwa kwa asilimia mia moja na kumi na mbili. Wapinzani wetu wanauliza, je, zimeuzwa? Nami nawauliza, kitu kilichotazamwa kiasi hicho kimebakiwa na nini cha kuuzwa? Kwa mamlaka niliyopewa, natamka kwamba zimeuzwa. Na wanaouliza zimeuzwa kwa nani, waende wakachungulie madirishani. Watakuta familia zimejaa, zinacheka kwa kiasi."

*

Bwana Lukosi alileta hati Ijumaa. Nyumba imenunuliwa na familia ya watu watano: binti, mjukuu, jirani, na wawili wa akiba walioongezwa ili vyumba vitoshane na watu. Kwa madhumuni ya takwimu walikuwa wametolewa kwenye vifaa na kuwa binadamu.

Moyo wa Mzee Ngwali uliruka. "Kwa hiyo wanahamia?"

"Kina nani?"

"Hawa."

"Hapana, mzee wangu. Wamehamishwa. Mradi umefanikiwa, kwa hiyo umekwisha. Kesho wanakwenda kusini kuwa foleni ya watu wanaochota maji. Kuna mabomba yanazinduliwa."

"Yana maji?"

"Yana foleni."

"Na mimi? Lori linanipeleka Makao?"

"Makao yamejaa. Kamati iliyoundwa kuyachunguza imehamia humo. Wewe kaa tu hapa hapa. Kwenye karatasi hupo, kwa hiyo humsumbui mtu."

Hivyo ndivyo Mzee Ngwali alivyoshinda na kuibakiza nyumba yake, akasimama mlangoni na ushindi wake kutazama familia ikisaini daftari mara ya mwisho. Jirani alilia waziwazi, akajifuta kwa pembe ya kanga. Bwana Tunutu alikuwa amepandishwa cheo, barua iko mfukoni, lakini hakuitoa.

"Babu, yule mfalme mwisho wake alikioa?"

Honi ikalia. "Ni hadithi ndefu," alisema Mzee. "Ukija nitakumalizia."

Bi Sikitu alifungua karatasi yake, akaigeuza nyuma, akaigeuza tena mbele. "Hapa pa kuagana hawajaandika kitu, baba," alisema. Akaikunja, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Akapanda lori.

*

Mzee alimtoa Bi Mashavu stoo, akamfuta vumbi la mkaa, akamtundika mahali pake. Picha ya Waziri ikaenda juani kuanikiwa dagaa.

Zikaja siku ndefu. Alipika kidogo kwenye sufuria kubwa. Alianza sentensi akaziacha, kwa kuwa hapakuwa na wa kuuliza enhe. Sikukuu ilipofika, mwanawe mkubwa alipiga simu akiwa mchangamfu sana.

"Baba, tumesoma kwenye tovuti ya Wizara kwamba nyumba imejaa watu. Tumefurahi mno. Tulikuwa na wasiwasi kwamba utakuwa peke yako."

"Msiwe na wasiwasi," alisema Mzee.

"Basi hata tukikawia kupiga tunajua uko na watu."

"Niko na watu, mwanangu."

Wiki mbili baadaye hodi ikabishwa. Alikuwa mwanamke kijana mwenye miwani na viatu vilivyojaa vumbi la mitaa mingi, Bi Nyamizi, karani wa Uhakiki wa Wakazi. Serikali ilikuwa imeuza nyumba nyingi kwa mpigo mmoja na sasa ilitaka kujua kama walionunua wako salama. Alitoa shikamoo, akafungua daftari. Wakazi watano. Anatakiwa amwone kila mmoja kwa macho yake na kumwekea alama. Wasipoonekana, nyumba inarudishwa kwenye orodha ya vyumba vivivu na kuanza upya.

"Wako wapi, mzee?"

Mzee Ngwali alivitazama vyumba vyake vitano. Ukweli ulikuwa na maneno matatu tu, na mwenye kuusema angebaki peke yake tena ndani ya dakika moja, hata kama orodha ingemletea familia nyingine baadaye.

"Wametoka," alisema. "Wanarudi sasa hivi."

"Wote watano?"

"Wametoka pamoja. Ni familia inayopendana."

"Kwa kanuni siruhusiwi kuondoka mpaka niwaone."

"Basi kaa uwasubiri, mwanangu. Utakula kidogo huku unasubiri."

Bi Nyamizi aliketi. Alikula, akaongezwa, akala tena. Saa ikapita, na ya pili ikaingia, na mlangoni hakuna aliyebisha. Aliona jozi moja ya ndara kizingitini na shuka moja kwenye kamba uani. Alipokwenda kunawa aliona mswaki mmoja. Alirudi akakaa pale pale.

"Mzee, hawa watu huwa wanachelewa?"

"Wakati mwingine huchelewa sana."

"Wa nyumba niliyotoka jana nao walichelewa. Na wa juzi." Alilifunga daftari, akaliweka chini ya kiti. Kisha akavua viatu, akakunja miguu mkekani. "Basi nielezee walivyo, wakija niwatambue."

Mzee Ngwali alisogeza kigoda karibu, akaanza na binti.